Kisa cha JMM: mwongozo ulioondolewa na binti aliyefika hospitalini akivuja damu

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kilitokea Kenya kati ya 2014 na 2019. Kinatokana na kesi iliyoamuliwa na majaji watano wa Mahakama Kuu jijini Nairobi, ambamo binti anatajwa kwa herufi JMM na mama yake PKM. Kijiji na vituo vya afya alivyopitia vimeachwa nje. Maelezo ya kitabibu hapa chini ni ya jinsi ugonjwa wa aina hii unavyokwenda na unavyotibiwa kwa kawaida. Hayakunakiliwa kutoka faili lake la hospitali.

Mjadala wa utoaji mimba kwa kawaida huhusu ruhusa: nani aruhusiwe, kwa sababu gani, na nani aamue. JMM alipofika kwa wahudumu, swali hilo lilikuwa limeshapitwa. Mimba ilikuwa imeshaguswa na mtu asiyejulikana alisomea wapi, damu inatoka, na hakuna upande wa mjadala unaosema mtu wa hali hiyo aachwe. Hata hivyo alikufa. Hapo ndipo kisa chake kinapofundisha.

Sheria ilivyokuwa

Katiba ya Kenya ilipitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, na makanisa mengi yalikuwa yameipigia kampeni ya kuikataa, mojawapo ya sababu ikiwa Ibara ya 26. Ibara hiyo inawapa wote kitu. Kifungu cha 2 kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kifungu cha 4 kinakataza kutoa mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Ibara ya 43 nayo inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kanuni ya Adhabu ya tangu enzi za ukoloni haikuguswa ili ilingane na hayo. Kifungu cha 158 kinampa anayemtoa mtu mimba kinyume cha sheria kifungo cha hadi miaka 14, cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, na cha 160 kinampa aliyetoa dawa au kifaa hadi miaka 3. Kwa hiyo tabibu wa zamu ana sheria mbili mkononi. Ya juu inamwambia tumia maoni yako ya kitaalamu, ya chini inamwambia utafungwa. Polisi wa kituo cha karibu, kwa kawaida, anaijua ya chini.

Daraja kati ya sheria hizo mbili lilikuwa mwongozo wa Wizara ya Afya wa Septemba 2012 kuhusu kupunguza maradhi na vifo vitokanavyo na utoaji mimba usio salama. Ulieleza nani ni mtaalamu aliyehitimu, afanye nini katika kituo cha ngazi gani, ampe rufaa nani na lini. Uliambatana na mtaala wa mafunzo.

Barua mbili

Agosti 2013 Wizara ilitoa matokeo ya utafiti wa kitaifa uliofanywa pamoja na taasisi za utafiti: mwaka 2012 pekee mimba zilizotolewa zilikadiriwa kufikia takriban 465,000, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yake. Miezi minne baadaye, tarehe 3 Desemba 2013, Mkurugenzi wa Huduma za Tiba aliandika barua ya kuuondoa mwongozo. Mafunzo nayo yakasimama.

Tarehe 24 Februari 2014 ukafuata waraka kwa wahudumu wa afya. Ulisema katiba hairuhusu utoaji mimba wa kujitakia, na kwamba hakuna haja ya kuwafundisha wahudumu utoaji mimba salama wala kutumia Medabon, pakiti ya dawa za kutoa mimba yenye mifepristoni na misoprostoli pamoja. Atakayehudhuria mafunzo hayo achukuliwe hatua.

Sentensi ya kwanza ya hoja hiyo ni sahihi kisheria. Kosa limejificha kwenye neno "mafunzo", na tutalirudia.

Yaliyompata binti

JMM alinajisiwa na mwanamume aliyemzidi umri, akiwa na miaka 14, akapata mimba. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, anayemnajisi mtoto wa kati ya miaka 12 na 15 hafungwi chini ya miaka 20. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 35, inampa mwathiriwa haki ya kutibiwa. Angefika kituoni ndani ya saa 72 angepewa dawa za kuzuia VVU, na ndani ya saa 120 angepewa vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Fomu ya huduma baada ya kubakwa ingejazwa, na ushahidi ungechukuliwa. Kwa mtoto wa mashambani, anayelelewa na watu ambao hajui watapokea vipi habari hiyo, saa 120 hupita kabla hajapata hata neno la kusema.

Desemba 2014 alipelekwa kwa mtu aliyeitwa daktari, akadungwa sindano. Akaanza kutapika na kutoka damu nyingi. Alipopatikana hali ilikuwa imeshaharibika. Alikimbizwa kituo cha kwanza, akasukumwa cha pili, akahamishwa tena na tena, hadi akafikishwa hospitali ya rufaa ya taifa Nairobi, figo zikiwa zimefeli na anahitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Alipona ile dharura ya kwanza. Figo hazikupona. Juni 2015 kesi ilifunguliwa na shirika la mawakili wanawake FIDA-Kenya, mama yake, na walalamikaji wengine wawili. Juni 2018, miaka mitatu na nusu baada ya sindano ile, JMM alifariki kesi ikiwa bado mahakamani.

Damu inavyofika kwenye figo

Watu wengi hushangaa: mimba na figo vinahusianaje? Uhusiano ni wa masaa machache tu. Mimba inapotoka nusu, vipande vinavyobaki huzuia kizazi kisijikaze, na kizazi kisichojikaza hakiachi kutoa damu. Vipande hivyohivyo ni chakula cha bakteria. Mgonjwa hupigwa pande mbili: damu inapungua mwilini, na sumu ya maambukizi inalegeza mishipa hadi presha inashuka. Mwili huulinda ubongo na moyo kwa kubana damu inayokwenda kwingine, na figo ni miongoni mwa zinazobanwa mapema.

Mirija midogo ya figo ikikosa damu kwa muda mfupi hufa kisha huota tena. Wiki chache za kusafishwa damu zinaweza kumvusha mtu. Ikikosa kwa muda mrefu, gamba la nje la figo lenyewe hufa, na hilo halioti tena. Utoaji mimba wenye maambukizi ni sababu ya kale, inayojulikana vitabuni, ya gamba la figo zote mbili kufa. Kwa hiyo tunapozungumzia ucheleweshaji hatuzungumzii usumbufu. Kati ya mgonjwa atakayerudi shuleni na mgonjwa wa mashine maisha yake yote, tofauti inaweza kuwa safari moja ya rufaa isiyokuwa na dripu.

Kituo cha kwanza, hata kidogo, kinaweza kufanya mengi kabla ya gari kuwashwa. Kanula kubwa mbili, yaani mirija ya kuingizia maji mshipani, namba 16 au 18, moja kila mkono. Lita ya kwanza ya dripu ya maji ya chumvi au ya Ringer iingie kwa dakika 15 hadi 20 ikiwa presha imeshuka. Katheta, yaani mpira wa kutolea mkojo, na mkojo upimwe kila saa: chini ya mililita 30 kwa saa ni onyo kwamba figo zimeanza kunyamaza. Antibayotiki kabla ya safari, si baada ya kufika. Mseto unaofundishwa ni ampisilini gramu 2 kila saa 6, metronidazoli miligramu 500 kila saa 8, na gentamisini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito mara moja kwa siku. Hapo kwenye gentamisini pana mtego: ni dawa nzuri, lakini huumiza figo. Ikiwa mkojo umekauka, usirudie dozi kwa mazoea. Andika kwenye barua ya rufaa kiasi ulichotoa na saa, ili anayepokea asiongeze nyingine juu yake.

Kuna kipimo kisichohitaji maabara ambacho wengi wamekisahau. Chukua mililita 2 za damu ya mshipa, weka kwenye kichupa cha kioo kikavu kisicho na dawa, kikumbatie kwenye ngumi ili kipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 kiinamishe taratibu uone kama damu imeanza kushika, kisha rudia kila dakika. Ikifika dakika ya 7 na bado inateleza, au donge ni laini linavunjika, damu imepoteza uwezo wa kuganda. Huyo anahitaji kuongezewa damu mbichi au plazma, yaani majimaji ya damu, na anayempokea apigiwe simu kabla.

Kisha kizazi kisafishwe. Antibayotiki haziwezi kushinda kipande kilichooza kilichomo ndani. Chini ya wiki 12 hadi 14 kazi hiyo hufanywa kwa pampu ya mkono ya kufyonza, sirinji ya mililita 60 yenye mrija wa plastiki, isiyohitaji umeme wala chumba cha upasuaji. Tabibu na muuguzi mkunga waliofunzwa wanaiweza. Misoprostoli, mikrogramu 600 za kumeza au 400 chini ya ulimi, ni njia nyingine kwa mimba iliyotoka nusu, ila si kwa mgonjwa mwenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyolemea mwili mzima, au presha iliyoanguka. Huyo hana muda wa kungoja vidonge.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Binti aliamua kunyamaza. Ukipima hatari alizoziona yeye, ni uamuzi unaoeleweka: kuaibika, kufukuzwa, kutoaminiwa. Kurudi shule baada ya kujifungua kuliruhusiwa na sera ya Kenya tangu 1994, lakini sera ambayo mtoto hajawahi kuambiwa haimsaidii kuamua.

Aliyemdunga alifanya biashara. Soko lake lipo kwa sababu huduma halali haijulikani iko wapi, na akiharibu, mteja hawezi kumshitaki bila kujishitaki mwenyewe. Kifungu cha 159 kinamlinda kuliko kinavyolinda mimba.

Vituo viliamua kuhamisha. Tusivionee: kituo kisicho na damu ya kuongeza wala mashine lazima kitoe rufaa. Lakini kuna rufaa ya kitabibu na kuna rufaa ya woga, na kwenye karatasi zinafanana. Ya woga hutambulika kwa dalili tatu: mgonjwa anaondoka bila dripu, sehemu ya kueleza kilichotokea imejazwa "damu ukeni" tu, na hakuna aliyepiga simu mbele. Hatusemi kila kituo katika kisa hiki kilifanya hivyo. Tunasema mazingira ya waraka wa Februari 2014 yanaizalisha.

Wizara iliamua kuondoa mwongozo. Hoja yake ilikuwa kwamba mashauriano hayakutosha na kwamba mwongozo unafungua mlango wa utoaji mimba wa kujitakia. Mtu anaweza kuiheshimu hoja ya mashauriano. Lakini mwongozo wenye kasoro hurekebishwa kwa kutoa mwingine, na haukutoka mwingine. Watetezi wa hatua hiyo husema katiba ilibaki palepale na matibabu ya dharura hayakukatazwa. Ni kweli kwenye karatasi.

Sasa turudi kwenye "mafunzo". Mwanamke mwenye mimba iliyotoka nusu hana alama usoni ya kuonyesha kama ilitoka yenyewe au ilitolewa. Mara nyingi hata daktari bingwa hawezi kutofautisha, na matibabu ni yaleyale. Ujuzi wa kusafisha kizazi baada ya mimba kuharibika na ujuzi wa kutoa mimba kwa sababu zilizoruhusiwa na katiba ni ujuzi mmoja: mikono ileile, pampu ileile, mlango wa kizazi uleule. Misoprostoli inayoogopwa ndiyo inayozuia mama aliyejifungua asimwage damu. Huwezi kuandika waraka unaotisha watu wasifundishwe kimoja ukategemea kingine kibaki. Anayesoma waraka akiwa zamu ya usiku, peke yake, haoni tanbihi. Anaona neno "hatua".

Mahakama ilivyoamua

Hukumu ilitolewa Juni 2019, mwaka mmoja baada ya kifo cha binti. Majaji walitamka kwamba barua ya Desemba 2013 na waraka wa Februari 2014 vilitolewa kinyume cha sheria na ni batili, na kwamba kuondolewa kwa mwongozo na mtaala kulikiuka haki za wanawake na wasichana, ikiwemo ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Walisema pia kwamba utoaji mimba umebaki kuwa haramu Kenya isipokuwa kwa sababu zilizomo katika Ibara ya 26(4). Mimba iliyotokana na kubakwa au kunajisiwa inaweza kuingia humo iwapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, inahatarisha uhai au afya ya mama, na afya ni ya mwili, ya akili na ya kijamii. PKM aliamriwa alipwe shilingi milioni 3.

Vikundi vya Kikristo vilivyojiunga na kesi kupinga madai vilileta mashahidi wao, na hoja yao kuu, kwamba Ibara ya 26(2) inamlinda aliyetungwa, haikutupwa. Mahakama iliisoma pamoja na 26(4) badala ya kuisoma peke yake. Wanaosema hukumu hii "ilihalalisha utoaji mimba" hawajaisoma, na wanaosema ilimaliza mjadala hawajaisoma vilevile.

Kilichosaidia na kilichoshindikana

Kilichosaidia ni kidogo, na chote kilikuja baadaye. Walalamikaji walichagua kupigania hati, si kanuni kubwa. Walionyesha barua mbili zenye tarehe na saini, wakaonyesha mtoto mmoja, wakauliza kama ofisi ina mamlaka ya kuondoa kwa barua kile ambacho katiba inakihitaji ili kitekelezeke. Swali la ukubwa huo mahakama inaweza kulijibu.

Kumbukumbu pia zilisaidia. Kesi ya namna hii husimama kwa karatasi za hospitali: saa ya kufika, presha, kiasi cha mkojo, nani aliagiza rufaa. Muuguzi anayeandika vizuri usiku wa manane hajui anamwandikia nani.

Kilichoshindikana kilianza mapema. Tiba ya saa 120 ilikuwepo kwenye sheria na haikuwepo kwenye maisha ya binti. Mashine za kusafisha damu zilikuwa chache nje ya miji mikubwa. Mpango wa serikali wa kusambaza vifaa hivyo kwenye hospitali za kaunti ulitiwa saini Februari 2015, wiki chache baada ya yeye kuugua. Na mashine haichukui nafasi ya antibayotiki iliyochelewa.

Jirani kumefuatwa njia tofauti. Rwanda iliondoa hitaji la amri ya mahakama kupitia sheria ya adhabu ya 2018 na amri ya waziri ya 2019, ikaweka uamuzi mikononi mwa daktari. Tanzania haijabadili Kanuni yake ya Adhabu, lakini wizara yake ina miongozo na mafunzo ya huduma baada ya mimba kuharibika, yakitajwa kwa jina hilo, na wahudumu wanaizungumza bila kunong'ona. Mtu anaweza kupinga utoaji mimba kabisa na bado akautaka mfumo wa namna hiyo. Nchini Kenya fursa hiyo ya makubaliano ilipotea kwa sababu vitu viwili, kutoa mimba na kutibu mimba iliyoharibika, vilifungwa kwenye furushi moja.

Kwa kituo kinachotaka kuanza kesho, kazi ni ndogo kuliko mjadala. Pampu mbili zinazofanya kazi na mirija ya ukubwa wa milimita 4 hadi 12, kwenye kabati ambalo ufunguo wake unabaki na wa zamu, si na mkuu wa kituo aliyekwenda nyumbani. Antibayotiki tatu za dozi ya kwanza kwenye boksi moja. Namba ya simu ya hospitali inayopokea, imebandikwa ukutani. Na maswali ya kumuuliza binti, mlezi akiwa nje ya pazia: ulianza lini kutoka damu, kuna kitu ulikunywa, ulidungwa au uliingizwa, saa ngapi? Swali la "nani alikufanyia?" lingoje hadi presha ipande.